Jembe, Nyumba na Tumbo la Apolinary

Mwaka 1975 mume wangu alikuwa na tumbo kubwa kuliko langu.

Na mimi nilikuwa na mimba ya miezi minane.

Sitanii. Tukisimama pamoja kanisani watu walikuwa hawajui wampishe nani kwenye benchi.

Nayaandika haya kwa sababu uchaguzi umekaribia na mjukuu wangu halali. Anakesha kwenye simu akigombana na watu asiowajua, chakula hakishuki. Juzi kaniambia, "Bibi, tumbo linaniuma kwa hofu." Nikacheka mpaka akanuna. Nikamwambia kaa hapa nikusimulie tumbo la babu yako. Alipomaliza kucheka akasema hii iandike, uiweke mtandaoni.

Haya, nimeiweka. Someni taratibu, mimi ni bibi wa watu, msinikimbize.

Naitwa Felicitas. Nilizaliwa Kashozi, nikaolewa upande wa Muleba, karibu na Kamachumu, kwa mkulima wa kahawa na migomba aitwaye Apolinary. Mwanaume mpole, mchapakazi, hanywi akapitiliza. Kasoro yake ilikuwa moja tu.

Alikuwa hajui kumkatalia mtu.

Ukimwomba shati alilovaa, anavua. Kwa upole wake huo, kabla hata hatujaonana, alikuwa ameshachanjiana udugu na watu wawili tofauti.

Ninyi wa siku hizi hamjui mambo haya. Kwa Kihaya tunaita omukago. Mnachukua tunda moja la kahawa, lile lenye punje mbili ndani. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, damu inapakwa kwenye punje. Wewe unameza yenye damu ya mwenzako, naye anameza yenye damu yako.

Kuanzia siku hiyo ni ndugu kuliko ndugu. Akikuomba kitu kwa damu, hukatai. Ukikataa, ile punje inakuvimbia tumboni, tumbo linapanda, unakufa.

Ndivyo wazee walivyoamini. Apolinary naye aliamini, japo alikuwa Mkatoliki wa kupokea komunyo kila Jumapili.

Ndugu yake wa kwanza alikuwa Karugendo. Walisoma wote shule ya misheni, wakachanjiana nyuma ya jiko la shule. Wa pili alikuwa Burhani, mtu wa Bukoba mjini. Apolinary aliwahi kufanya kibarua cha kubeba magunia mjini, akaugua malaria, Burhani akamuuguza kwake na kumnywesha uji kama mtoto. Alipopona, wakachanjiana. Padri hakujua. Sheikh naye hakujua.

Miaka ikaenda. Karugendo akawa mwalimu mkuu, Burhani akawa karani wa ushirika. Kila mmoja kwake, na amani ilikuwepo.

Kisha ukaja uchaguzi.

Siku hizo chama kilikuwa kimoja tu, TANU. Kwenye jimbo walisimama wagombea ubunge wawili, wote wa chama hichohicho. Mmoja anapewa alama ya jembe, mwingine alama ya nyumba. Hata asiyejua kusoma anachagua picha.

Balozi wetu wa nyumba kumi akapita na habari. Tulikuwa tunakula.

"Jembe ni Karugendo," akasema. "Nyumba ni Burhani."

Kipande cha kitoke, zile ndizi zetu za kupika, kilibaki mkononi mwa mume wangu. Hakikwenda mdomoni, hakikurudi kwenye sahani.

"Apolinary?"

"Felicitas," akasema kwa sauti ndogo, "mimi nina kura moja."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba nyumbani kwangu kumenuka.

Sheria za kampeni zilikuwa kali. Wagombea walisafiri pamoja, kwenye Land Rover moja, wakahutubia jukwaa moja, dakika sawasawa. Kupita nyumbani kwa watu kuomba kura ilikuwa marufuku. Chama kiliwapa msimamizi, Mzee Rugemalira, ambaye alikuwa hawaachi hata wapige chafya peke yao.

Wiki ile ya kwanza Land Rover yao ilichemka maji kwenye kilima, mbele ya nyumba yetu. Wakaja kuomba maji. Nikawapa viti na kahawa ya kutafuna, kama ilivyo desturi. Rugemalira akakaa katikati ya wagombea wake.

Karugendo akajishika kiuno.

"Shemeji, samahani. Choo kiko wapi?"

Choo chetu kilikuwa katikati ya migomba, tulikichimba wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Kuta za matete, paa la nyasi, kizuri tu. Apolinary akampeleka mgeni. Rugemalira alitaka kuinuka, akaona aibu, akakaa.

Mimi nilikuwa hapohapo migombani nikikata majani ya kufunikia chungu. Nikasikia sauti ikitoka ndani ya choo.

"Apolinary."

"Naam."

"Nakuomba kura yako. Nakuomba kwa damu."

Mume wangu akasema kile anachosemaga siku zote.

"Sawa, ndugu yangu."

Wakarudi barazani. Hata hawajakaa vizuri, Burhani naye akajishika tumbo.

"Shemeji, na mimi nisaidie hapohapo."

Sauti nyingine, choo kilekile.

"Kura yako, Apolinary. Kwa damu."

"Sawa, ndugu yangu."

Rugemalira alipokuwa anapanda gari alinivuta pembeni akaninong'oneza kwamba wagombea wa mwaka huu wana matumbo mabovu sana.

Baada ya siku chache, tumbo la mume wangu likaanza kupanda.

Mwanzoni nilidhani ni macho yangu. Kisha kifungo cha suruali kikakataa. Kisha akawa anavaa kanzu ya marehemu baba yake. Mama mkwe wangu, Ma Kokugonza, alimtazama mara moja tu, akaweka mikono kichwani, akamlilia mama yake kwa Kihaya.

"Mawe! Omukago umemkamata mwanangu!"

Mama huyu alikuwa na imani na mambo mawili, omukago na chakula. Akachukua kamba ya mgomba, akawa anampima mwanawe tumbo kila asubuhi na kufunga fundo. Halafu anamlisha. Alisema tumbo lililojaa kitoke na maharage halina nafasi ya damu kuvimba. Sahani inaisha, anaongeza nyingine. Jirani akija kumwona mgonjwa anakuja na ndizi. Mwenye karanga analeta karanga.

Nikauliza, "Ma, hamuoni kwamba tumbo linapanda kwa sababu ya hizi sahani?"

"Wewe ni mtoto wa Kashozi, mmelelewa na mapadri," akanijibu. "Mambo haya huyajui."

Nikamwachia. Nilikuwa na mimba, sikutaka vita.

Apolinary wangu akawa mtu wa hofu. Picha ya jembe akiiona ukutani anafumba macho. Nyumba mpya ya mtu inayojengwa, anageuza uso. Hata choo alikuwa hataki kukitazama. Kila akipita njia ile anazunguka mbali, kama vile kuna mtu ndani anamsubiri na ombi jipya.

Jioni moja nikamkuta anafunga mkeka na blanketi.

"Unakwenda wapi?"

"Bumbire. Kisiwani kwa binamu. Uchaguzi ukiisha nitarudi."

"Na mimi nikijifungua?"

Akaendelea kukaza kamba ya mkeka.

Niwaambie ukweli, hapo sikucheka. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa hapumui. Siku ile Apolinary ndiye aliyemshika, ndiye aliyemfunika, ndiye aliyenishika mkono mpaka nikapata usingizi. Mimba hii ya pili niliibeba kwa hofu kila siku ya Mungu, na kitu pekee kilichonituliza ni kujua kwamba atakuwepo. Sasa anataka kukimbilia kisiwani kwa sababu ya jembe na nyumba.

Nikalia. Nikamwambia nakuhitaji wewe, sihitaji mbunge.

Ma Kokugonza alisikia, akaingia.

"Weka blanketi chini," akamwambia mwanawe. "Kukimbia ni kukataa. Utafia hukohuko na hakuna wa kukuzika. Anayesalimika ni yule aliyezuiwa na Mungu tu, mwenyewe akiwa anataka kutimiza. Huyo omukago haumgusi."

Apolinary akakaa juu ya mkeka wake uliofungwa, akaanza kusali rozari. Mimi nilibaki nimesimama mlangoni, nikifikiria maneno ya yule mama.

Habari za tumbo zikaenea mpaka zikawafikia wenye damu yao.

Land Rover ikachemka tena, mbele ya nyumba yetu, tena safari hii bila kutoa hata moshi. Karugendo alishuka wa kwanza, amekonda, macho yamemtoka.

"Shemeji, choo. Apolinary anisindikize."

Mume wangu alimsindikiza kama mtu anayepelekwa kunyongwa. Mimi nikakumbuka ghafla kwamba nahitaji majani ya migomba.

"Apolinary, ndugu yangu," sauti ikatoka kwenye matete, "usinipigie kura."

"Nini?"

"Damu yangu iko tumboni mwako, na yako iko kwangu. Ukifa kwa ajili yangu, na mimi siponi. Tangu juzi nahisi nimeanza kuvimba. Mpe Burhani. Nakuomba kwa damu."

"Sawa, ndugu yangu."

Mnajua kilichofuata. Burhani naye akahitaji choo.

"Mpe Karugendo. Usinitie kaburini, nina watoto. Nakuomba kwa damu."

"Sawa, ndugu yangu."

Jamani. Mtu ameombwa ampigie kila mmoja, na ameombwa asimpigie kila mmoja, na wote amewaambia sawa.

Siku ile tumbo lilipanda mafundo mawili kwa mpigo.

Mkutano wa mwisho wa kampeni ulifanyika uwanja wa shule. Nilikwenda, na sijawahi kuona kituko kama kile. Karugendo alipanda jukwaani, mkono mmoja tumboni.

"Ndugu wananchi! Jembe ni zuri. Lakini baada ya kulima, jembe mnaliweka wapi? Ndani ya nyumba! Fikirieni nyumba, ndugu zangu!"

Watu wakatazamana. Burhani akapanda.

"Nyumba ni nzuri. Lakini mtalala ndani na njaa? Nyumba bila jembe ni bure kabisa! Mimi mwenyewe nikiona jembe nafurahi!"

Rugemalira akasimama akipiga filimbi.

"Ndugu mgombea! Jinadi mwenyewe! Jinadi mwenyewe!"

"Nimejinadi vya kutosha, mzee," Burhani akasema, akaketi, akajipapasa tumbo.

Wazee wakakubaliana kwamba hawajawahi kuona wagombea wenye adabu namna hii. Apolinary alikuwa nyuma ya umati, anatokwa jasho.

Siku ya kura ikafika.

Wajawazito tulipishwa mbele. Nikaingia kwenye chumba cha darasa, nikapewa karatasi yangu, nikaingia kwenye kijichumba cha magunia. Nikaweka alama pale nilipotaka mimi, nikaitumbukiza sandukuni, nikatoka. Ilikuwa kura yangu ya kwanza na niliifurahia.

Nje, mume wangu alikuwa kwenye foleni, ndani ya kanzu ya baba yake. Land Rover ikaja ikasimama. Wagombea wakashuka, wakaegemea ukuta, wote wamejishika matumbo, wanamtazama ndugu yao. Foleni ikasogea. Wamebaki watu wachache, kisha wachache zaidi. Apolinary akafika mlangoni. Midomo imekuwa myeupe. Mguu mmoja akauinua kuvuka kizingiti.

Nikaanguka chini.

"Mawe! Mawe weee! Nakufa!"

Uwanja mzima ukageuka. Apolinary akarudisha mguu. Akalitazama sanduku la kura mle ndani, akanitazama mimi, na sikuona hata chembe ya kusitasita. Alitoka kwenye foleni mbio, tumbo likitangulia.

Na yule mtu ambaye maisha yake yote alikuwa akiombwa, akainua sauti akaomba.

"Karugendo! Burhani! Gari! Nawaomba kwa damu!"

Wote wawili wakaruka. Nani akatae?

"Gari hili ni la uchaguzi!" Rugemalira akapiga kelele.

"Nyamaza, mzee, unataka tuvimbe?" Karugendo akamjibu, wakaninyanyua mmoja kichwani, mwingine miguuni.

"Basi hospitali ya misheni, ni hapa karibu tu," Rugemalira akasema, naye akapanda, maana sheria ilimkataza kuwaachia.

"Siyo hapo!" nikalia. "Bukoba! Nipelekeni Bukoba kwa shangazi Celina! Mkinipeleka kwingine nafia njiani!"

Mwenye uchungu habishiwi. Land Rover ikaelekea Bukoba.

Safari nzima Apolinary alinishika mkono. Barabara ile ilikuwa na mashimo, matumbo yetu yakawa yanarukaruka pamoja. Dereva akipunguza mwendo, mimi nalia. Rugemalira akitazama saa yake, mimi nalia zaidi. Tulipopita Muhutwe, Burhani akauliza kama kuna mtu aliyekumbuka kupiga kura.

Karugendo alikuwa hajapiga. Burhani hajapiga. Rugemalira, dereva, Apolinary, wote bado.

Tulifika Bukoba, kwenye hospitali alikofanya kazi shangazi. Shangazi Celina, mkunga mwenye mikono ya chuma, akaniingiza chumbani, akafunga mlango, akanipapasa. Akanipapasa tena.

"Felicitas. Wewe huna uchungu wowote."

"Najua, shangazi."

"Unajua?"

"Nipe muda mpaka vituo vya kura vifungwe."

Ndiyo, wapendwa. Nilimzuia mume wangu. Ma Kokugonza alisema anayezuiwa haguswi na kiapo, na kwa kuwa Mungu siku ile alikuwa na kazi nyingi, nilimsaidia.

Shangazi alinitazama kama anataka kunizaba kibao. Kisha akafungua mlango achungulie, akamwona Apolinary kwenye benchi la nje, katikati ya wagombea wake, Karugendo na rozari, Burhani na tasbihi.

"Na yule mwenye tumbo ni nani?"

"Mume wangu."

Akamwita ndani. Akamgonga tumbo kwa vidole. Akamuuliza swali moja ambalo hakuna mtu kijijini kwetu, pamoja na kamba na mafundo yote yale, aliyewahi kuliuliza.

"Baba, mara ya mwisho umekwenda haja kubwa lini?"

Apolinary akainamisha kichwa, akajibu kwa heshima ya Kihaya.

"Nilikuwa naogopa kwenda chooni, waitu. Kila nikienda kule naombwa kitu."

Niliuma kanga nisicheke. Wiki nzima na zaidi! Mume wangu alikuwa amejaa vitoke vya mama yake, na mlango ameufunga mwenyewe kwa hofu.

Wakampiga bomba la maji ya sabuni kwa nyuma. Mimi sitasimulia. Nitasema tu kwamba Rugemalira, aliyekuwa amekaa nje, alisimama akaenda kungojea ndani ya gari.

Apolinary alitoka pale ameshikilia kanzu isimdondoke. Tumbo hakuna. Wagombea walipomwona bapa, wakatazamana, wakajishika matumbo yao, nayo yakawa hayana kitu. Watu wazima wale, mwalimu mkuu na karani, walimkumbatia wakalia kama watoto.

"Umezuiwa!" Karugendo akawa anasema. "Omukago umetuelewa!"

Niliwaacha waamini. Tulirudi Kamachumu wote kwa gari lilelile, mimi nikiwa bado na tumbo langu, nikiwaeleza kwamba uchungu umetulia wenyewe.

Mtoto alizaliwa wiki chache baadaye, akalia kwa nguvu mpaka majirani wakasikia. Apolinary alikuwepo, amekaa mlangoni, na kule kisiwani hakuwahi kufika. Tukamwita Joviana. Huyo ndiye mama yake huyu mjukuu asiyelala.

Mmoja wa wagombea alishinda. Msiniulize yupi, si kazi ya simulizi hii. Kwenye sherehe ya ubatizo walikuja wote wawili, wamekaa kiti cha mbele cha gari moja, na safari hii hapakuwa na msimamizi wa kuwalazimisha.

Basi wajukuu, funzo langu ni dogo. Mnapovimbiana usiku kucha kwa ajili ya wagombea, kumbukeni kwamba wenyewe wanaweza kuwa kwenye gari moja, nao wanaogopa kama ninyi. Ukiona uchaguzi umekukaa tumboni, zima simu, kula kiasi, nenda chooni. Siku ikifika kapige kura yako, kisha rudi kwa mtu anayekuhitaji nyumbani.

Apolinary alifariki mzee, Mungu amrehemu. Ile hila ya uchungu nilimfichulia siku Joviana alipoanza kutembea, akacheka mpaka akalala chini. Ila kitu kimoja alikitafuta kila uchaguzi ulipokuja, mpaka mvi zikamjaa.

"Felicitas, katika gari zima ni wewe peke yako uliyepiga kura. Niambie tu. Ulimpa jembe au nyumba?"

"Siri yangu."

"Nakuomba. Nakuomba kwa damu."

"Nimekataa."

Alikuwa ananitazama tumbo kidogo, kuhakikisha. Halafu anaanza kucheka, na mimi nacheka. Nilikataa miaka yote hiyo, nimekataa hadi leo, na tumbo langu liko palepale.